Mizani Moja kwa Kila Dawa

Matini ya mazungumzo kwa watumishi wa umma na wakaazi kuhusu tiba za maradhi ya kifua ambazo hazijathibitishwa





Ni nadra kuipata nyumba katika visiwa hivi ambayo haijapata kukesha na mgonjwa wa kifua. Usiku wa manane mtoto hukohoa mpaka akatapika, au mzee hukaa kitako kitandani kwa kuwa akilala pumzi humkata. Katika saa hiyo kila mtu hugeuka tabibu. Bibi husema mtoto apewe asali na tangawizi. Jirani huleta habbat soda. Shangazi hushauri mgonjwa ajifukize. Mwengine husema huyo ana kimeo, apelekwe kwa fundi akakatwe. Na kijana wa nyumba huonyesha ujumbe aliopelekewa katika simu, unaosifu dawa mpya isiyoshindwa na maradhi yoyote. Mzazi hubaki katikati, hajui amsikilize nani. Wahenga wamesema mfa maji haachi kutapatapa, na mwenye kukosa pumzi ni vivyo hivyo.

Makusudio ya mazungumzo haya si kuidharau tiba asili. Tiba hiyo inatambuliwa kisheria hapa Zanzibar, lipo Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala linaloisimamia, na wapo waganga wengi wenye insafu na ujuzi. Wala makusudio si kudai kwamba kila kinachotoka hospitali ni sahihi. Suala linalohitaji kujibiwa ni moja tu: mtu atajuaje kwamba dawa fulani inatibu, na afanye nini wakati jawabu haijapatikana?

MJADALA WA MWAKA 2020

Mjadala huu ni wa zamani, lakini maradhi ya UVIKO-19 yaliufanya uwe wa dunia nzima. Tarehe 20 Aprili, 2020, Rais wa Madagascar wa wakati huo, Bwana Andry Rajoelina, alizindua kinywaji kilichopewa jina la Covid-Organics. Kinywaji hicho kilitayarishwa na Taasisi ya Utafiti ya Madagascar ijulikanayo kwa kifupi IMRA, na miongoni mwa viungo vyake ni mmea wa artemisia, ambao Afrika Mashariki baadhi ya watu huuita pakanga. Kilielezwa kuwa ni kinga na pia ni tiba. Wanafunzi walinyweshwa skulini, na shehena zikapelekwa nchi mbalimbali za Afrika, zikiwemo Komoro na Tanzania, iliyopokea shehena yake mwezi Mei, 2020.

Mara pakatokea pande mbili. Upande wa kwanza ulisema kwamba Afrika inazo dawa zake, na kwamba lau kinywaji hicho kingetoka Ulaya kisingetiliwa shaka. Na hoja hiyo Rais Rajoelina mwenyewe aliieleza mbele ya vyombo vya habari. Upande wa pili, ambao ndani yake ilikuwamo Akademia ya Tiba ya Madagascar yenyewe, ulisema kwamba ushahidi wa kisayansi haujapatikana na kwamba kuwanywesha watoto kitu kisichopimwa ni hatari. Shirika la Afya Duniani halikukataa mitishamba. Lilichotaka ni kwamba ipimwe kama zinavyopimwa dawa nyengine, na mwezi Septemba, 2020, pamoja na taasisi za Umoja wa Afrika, liliidhinisha utaratibu wa kuifanyia majaribio mitishamba ya UVIKO-19.

Yaliyofuata yanajulikana. Kufikia Julai, 2020, wagonjwa waliongezeka mno Madagascar, hospitali za mji mkuu wa Antananarivo zikajaa, na Waziri wa Afya akaandika kuomba msaada wa vifaa, ikiwemo mitungi ya oksijeni. Mwaka 2021 nchi hiyo, ambayo hapo awali haikutaka chanjo, ilizipokea. Haya hayasemwi kwa kuwacheka ndugu wa Madagascar, kwani hakuna nchi iliyosalimika na makosa katika msiba ule. Yanasemwa kwa sababu yanaonyesha jambo moja bayana: sifa za kiongozi, uzalendo wa raia na matumaini ya mgonjwa haviwezi kuifanya dawa itibu.

HOJA ZINAZOTOLEWA NA MAJIBU YAKE

Hoja ya kwanza ni kwamba dawa hizi wamezitumia wazee tangu na tangu. Ni kweli, na ukongwe ni sababu nzuri ya kuichunguza dawa. Lakini ukongwe pekee si ushahidi. Huko Ulaya na Marekani, sigara zilizotengenezwa kwa majani ya mimea ya jamii ya muranha zilivutwa na wagonjwa wa pumu kwa miaka mingi, na zilikoma kutumika baada ya kupatikana dawa bora zisizomwingiza mgonjwa moshi wala sumu kifuani.

Hoja ya pili ni kwamba dawa nyingi za hospitali asili yake ni mimea. Hili nalo ni kweli kabisa. Artemisia iliyotajwa hapo juu ndiyo iliyotoa dawa kubwa ya malaria. Mwanasayansi wa China, Bibi Tu Youyou, alisoma kitabu cha tiba cha nchi yake chenye umri wa zaidi ya miaka 1,600. Akagundua kwamba mmea ukichemshwa nguvu yake huharibika, akatafuta njia ya kuitoa dawa bila ya moto mkali, na mwaka 1971 akafanikiwa. Dawa hiyo ilijaribiwa kwa wanyama, kisha yeye na wenzake wakainywa wenyewe ili kuhakikisha usalama wake, ndipo wakapewa wagonjwa. Mwaka 2015 alipata Tuzo ya Nobel. Zanzibar yenyewe ilinufaika: dawa za mseto zenye asili ya mmea huo zilianza kutolewa bila ya malipo katika vituo vya afya mwaka 2003, na pamoja na vyandarua na upigaji wa dawa majumbani, malaria ikapungua mno katika visiwa hivi. Basi funzo la artemisia lina pande mbili. Mmea unaweza kuwa dawa kweli; lakini uliwekwa katika mizani kwanza, na kuthibitika kwake kwa malaria si kuthibitika kwa maradhi ya mapafu.

Hoja ya tatu ni kwamba fulani aliitumia akapona. Hii ndiyo hoja yenye nguvu kubwa barazani, na ndiyo iliyo dhaifu kuliko zote. Mafua na kikohozi kilichosababishwa na virusi, aghalabu, hupoa vyenyewe. Pumu nayo ina tabia ya kupanda na kushuka. Mtu hutafuta dawa siku anayozidiwa, na siku inayofuata nafuu ikaja ambayo ingekuja hata bila ya dawa. Kadhalika, waliopona husimulia, na waliofariki hawasimulii.

Hoja ya nne ni kwamba dawa za asili hazina madhara. Hili si sahihi. Kitu chenye nguvu ya kutibu kina nguvu ya kudhuru pia kikizidi kipimo au kikichanganywa na kingine. Zaidi ya hayo, katika nchi mbalimbali imewahi kugunduliwa kwamba baadhi ya dawa za pumu zilizouzwa kwa jina la mitishamba zilitiwa kwa siri dawa za hospitali za aina ya steroidi. Mgonjwa huona nafuu ya haraka akaisifu, kumbe kila siku anakunywa dawa kali asiyoijua, bila ya kipimo wala uangalizi, na baadaye hupatwa na kisukari au udhaifu wa mifupa.

MAANA YA KUPIMA DAWA

Wapo wanaodhani kwamba kupima dawa ni jambo la kigeni. Sivyo. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliweka katika kitabu chake cha Al-Qanun masharti ya kuijaribu dawa: isiwe imechanganyika na kitu kingine, ijaribiwe kwa maradhi sahili yasiyochanganyika na mengine, uangaliwe muda wa kufanya kazi kwake, matokeo yake yajirudie kila mara, na ijaribiwe kwa mwanaadamu kwa kuwa mnyama huenda akapokea dawa kwa namna nyengine. Elimu ya leo imeongeza juu ya msingi huo jambo moja kubwa, nalo ni kulinganisha: wagonjwa hugawiwa kwa kura, kundi moja likapewa dawa na jengine lisipewe, kisha yakahesabiwa yaliyotokea.

Faida ya kulinganisha ilionekana katika kifua kikuu. Katika miaka ya 1920 madaktari wa Ulaya na Marekani waliwadunga wagonjwa dawa iliyotengenezwa kwa dhahabu, wakaisifu sana. Huko Marekani wagonjwa 24 wakagawiwa makundi mawili, sarafu ikarushwa kuamua ni kundi lipi litapewa dawa, na wagonjwa wenyewe hawakujulishwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1931: waliopewa dhahabu hawakupata nafuu zaidi ya wenzao, bali waliongezewa madhara. Mwaka 1948 Uingereza ilitangaza matokeo ya kuijaribu streptomisini. Katika miezi sita walifariki wagonjwa 4 kati ya 55 waliopewa dawa hiyo, na 14 kati ya 52 waliopumzishwa kitandani tu. Mizani ile ile iliiangusha dhahabu ikaipandisha streptomisini, na zote mbili zilikuwa dawa za hospitali.

Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2020 pia. Hydroxychloroquine, dawa ya hospitali iliyosifiwa na viongozi wa mataifa makubwa, ilipimwa Uingereza kwa maelfu ya wagonjwa wa UVIKO-19 waliolazwa, ikaonekana haipunguzi vifo. Katika jaribio lilo hilo, deksamethasoni, dawa ya zamani na ya bei nafuu ambayo haikupigiwa ngoma, ilipunguza vifo kwa takriban theluthi moja kwa waliokuwa katika mashine za kupumulia, na kwa takriban moja ya tano kwa waliohitaji oksijeni. Kwa hivyo anayesema mitishamba ipimwe haionei Afrika, kwani anaitakia mizani ile ile iliyowekewa dawa za Wazungu.

TIBA ZINAZOTUMIKA MAJUMBANI

Asali. Ushahidi upo kwamba asali hupunguza kikohozi cha mafua kwa watoto waliopindukia mwaka mmoja. Lakini mtoto asiyefikia mwaka asipewe kabisa, kwani huenda ndani yake mkawa na vijidudu vinavyotoa sumu ya kulegeza mwili na kuzuia pumzi.

Tangawizi, mdalasini, karafuu na mchaichai. Hivi kwa kiasi cha kawaida cha jikoni havina ubaya, hutuliza koo na humfanya mgonjwa anywe maji. Havitibu kichomi, pumu wala kifua kikuu.

Kujifukiza. Mvuke huweza kumpa mtu hisia ya kuzibuka pua kwa muda. Haukuthibitika kwamba huua virusi vilivyomo ndani ya mapafu wala kwamba hufupisha maradhi, na hatari yake ni kuungua. Hospitali ya watoto ya mji wa Birmingham, Uingereza, iliripoti mwaka 2020 ongezeko kubwa la watoto waliounguzwa na maji ya kujifukizia. Mtoto asifunikwe shuka juu ya chungu cha maji ya moto.

Habbat soda. Zipo tafiti ndogo ndogo juu ya habbat soda na pumu, na baadhi zimeonyesha dalili njema. Hazijatosha kuifanya iwe badala ya dawa za pumu. Anayependa kuitumia chakulani aitumie, na dawa zake aendelee nazo.

Moshi wa ubani, udi au majani. Mwenye pumu asifukizwe. Moshi wa aina yoyote ni miongoni mwa mambo yanayoamsha pumu.

Kukata kimeo. Hili halina utetezi. Kimeo ni kiungo cha kawaida cha koo, na kukikata hakuondoi sababu ya kikohozi kilichomo kifuani. Kunakoleta ni kutoka damu, vidonda, pepopunda na maambukizi kwa wembe usio safi. Mtoto anayekohoa muda mrefu huenda ana pumu au kifua kikuu, na siku zinazopotea kwa fundi wa kimeo ni siku ambazo maradhi yanakua.

PUMU NA HOFU YA PAMPU

Panahitajika maelezo mapana juu ya pumu, kwani hapa ndipo ubishani unapogharimu maisha. Katika pumu njia za hewa huvimba kwa ndani na misuli yake hujikaza. Dawa za kuvuta mdomoni, ambazo wengi huziita pampu, zipo za kazi mbili. Ya kwanza, kama salbutamoli, hufungua njia za hewa kwa dakika chache na nguvu yake huisha baada ya saa kadhaa. Ya pili, kama beklometasoni, hupunguza uvimbe polepole, na faida yake haionekani kikamilifu ila kwa kuitumia kila siku kwa muda. Mgonjwa asiyeelezwa tofauti hiyo huiacha ya pili akisema haifanyi kazi, akaitegemea ya kwanza mpaka ikashindwa. Tokea mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu haushauri mtu mzima ategemee dawa ya kufungua peke yake. Nako huko kulikuwa ni kubadili ushauri wa miaka mingi baada ya ushahidi mpya kupatikana.

Yapo maneno mitaani kwamba anayeanza pampu hataweza kuiacha, na kwamba mwanamwali mwenye pampu hataolewa. Maneno hayo hayana msingi. Pampu si kilevi. Mgonjwa huendelea nayo kwa kuwa maradhi yenyewe ni ya muda mrefu, kama vile mwenye macho hafifu anavyoendelea na miwani. Mwenye kumshauri mgonjwa wa pumu atupe pampu yake ajaribu kitu kisichopimwa, hata akiwa na nia njema kiasi gani, amemwekea rehani roho isiyokuwa yake. Ni hivyo hivyo kwa mgonjwa wa kifua kikuu anayeambiwa aache vidonge katikati, kwani vijidudu huota usugu, na maradhi hayo huja kuwapata watoto wa nyumba.

MAMBO YA KUZINGATIWA

Kutokana na maelezo hayo, wakaazi na watumishi wa umma wanakumbushwa yafuatayo:

(a) Mtoto mwenye kikohozi ahesabiwe pumzi kwa dakika moja kamili akiwa ametulia. Pumzi 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi miwili, 50 au zaidi kwa wa miezi miwili hadi kutimia mwaka, na 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, ni dalili ya hatari. Apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.

(b) Mbavu zinazoingia ndani wakati wa kuvuta pumzi, midomo kuwa ya rangi ya buluu, mtoto kushindwa kunyonya, au mtu mzima kushindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, hayo hayangojei dawa ya nyumbani hata kwa saa moja.

(c) Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kipimwe kifua kikuu. Matibabu yake hutolewa bila ya malipo katika vituo vya Serikali.

(d) Anayetumia dawa ya asili amweleze daktari au muuguzi bila ya kificho; na daktari na muuguzi wasimkemee wala kumcheka, kwani mgonjwa aliyekemewa leo kesho hatosema.

(e) Dawa inayodaiwa kutibu kila maradhi, isiyo na jina la viungo vyake wala ya aliyeitengeneza, isinunuliwe. Wenye mashaka waulize katika Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala au katika Wakala wa Chakula na Dawa.

(f) Sheha, mwalimu au ofisa asitumie cheo chake kuisifu dawa ambayo haijathibitishwa. Raia husikia maneno ya mwenye cheo kama amri, na akidhurika hakuna waraka utakaomrejeshea afya yake.

(g) Mganga mwenye dawa anayoiamini asiifiche kwa hofu ya kuibiwa. Aipeleke ikapimwe kwa utaratibu wa sheria. Ikithibiti, sifa ni yake na ya nchi; isipothibiti, atakuwa amejiepusha na dhima ya watu.

Ndugu wananchi, ubishani juu ya dawa hautakwisha, wala si lazima wote wakubaliane. Bibi ataendelea kuchemsha tangawizi, na hapana ubaya. Linalotakiwa ni kwamba wakati watu wazima wanabishana barazani, mgonjwa asiwe anangoja ndani. Apelekwe kwanza mahali ambapo pumzi yake itaangaliwa na oksijeni ipo, kisha mjadala uendelee. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mwenye kuyachelewesha naye hayuko mbali naye.